Poti 443 haikuambii nani anapita

Ofisi moja iliniita kwa sababu intaneti yao ilikuwa inazidiwa kila jioni. Ruta ilionyesha trafiki nzito kwenye poti 443, mlango wa mtandao uliozoeleka kwa HTTPS, yaani kurasa za wavuti zilizosimbwa, na ripoti ilikuwa imeshaandikwa: HTTPS, wafanyakazi wanaangalia video. Nikanasa pakiti za dakika chache kwa Wireshark, programu ya kunasa na kusoma pakiti, nikatazama baiti za kwanza mara tu TCP, itifaki inayounganisha kompyuta mbili, ilipomaliza kuunganisha. Palikuwa na maandishi ya wazi kabisa: SSH-2.0-OpenSSH, salamu ya SSH, itifaki ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali na kuhamisha mafaili. Hakukuwa na video yoyote. Ilikuwa seva ikituma nakala rudufu nje, na aliyeiweka alitumia 443 kwa kuwa faiawoli ilizuia 22, poti ya kawaida ya SSH.

Namba ya poti ni makubaliano tu: 22 kwa SSH, 53 kwa DNS, 80 kwa HTTP. Hakuna kinachoilazimisha programu kuyafuata. Mtu akipiga hodi unamjua kwa sauti kabla hujafungua mlango, na programu nazo zina hodi zao. HTTP huanza na neno kama GET au POST. BitTorrent huanza na baiti yenye thamani 19, kisha maneno "BitTorrent protocol", ambayo ukiyahesabu pamoja na nafasi ni herufi 19. TLS, usimbaji ulio ndani ya HTTPS, huanza na 16 03 kwa heksadesimali.

Kwenye TLS ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani kila kitu kimefungwa. Yaliyomo yamefungwa, ndiyo. Lakini ujumbe wa kwanza wa mteja kwa kawaida hutaja waziwazi jina la tovuti anayoitaka, kwenye sehemu iitwayo SNI. TLS 1.3 ya mwaka 2018 ilificha cheti cha seva, ila SNI ikabaki wazi, isipokuwa pale inapotumika ECH, nyongeza inayousimba ujumbe huo wa kwanza.

QUIC, itifaki ya kubeba kurasa za wavuti inayopita juu ya UDP badala ya TCP, ndiyo ninayoipenda zaidi. Pakiti zake za mwanzo zimesimbwa, lakini ufunguo wake hutengenezwa kutokana na kitambulisho cha muunganisho kilichomo kwenye pakiti yenyewe, pamoja na thamani iliyochapishwa kwenye kiwango rasmi. Kwa hiyo Wireshark huzifungua bila kuomba ufunguo kwa yeyote, na SNI unaisoma humo humo.

Baada ya hapo hakuna njia ya mkato. Ukitaka yaliyomo, weka SSLKEYLOGFILE, mpangilio unaotaja faili la kuhifadhia funguo, kwenye kompyuta yako, Firefox au Chrome iandike humo funguo za kila muunganisho, kisha uipe Wireshark faili hilo. Kompyuta yako, nasisitiza. Kufanya hivyo kwenye mashine ya mtu bila ridhaa yake ni kumpekua.

Pale ofisini sikuhitaji kufungua chochote. Tulihamishia kazi ya nakala saa nane usiku, na ile ripoti ikaandikwa upya.