Seneta wa jimbo Marekani siyo seneta wa Washington

Juzi tena nimeona mtu kaposti picha ya Obama, chini kaandika eti alikuwa seneta wa Marekani tangu 1997. Hapana jamani. 1997 Obama alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, vikao vyao viko Springfield, na huku anafundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago. Seneti ya Washington, yaani ile ya taifa zima, kaingia 2005. Hizo ni kazi mbili.

Maana yenyewe fupi tu: kila jimbo kati ya yale 50 lina bunge lake, linatunga sheria za shule, barabara, leseni, kodi za jimbo na makosa mengi ya jinai. Karibu yote yana mabaraza mawili, Nebraska tu ndo ina moja. Anayekaa humo ndo mbunge au seneta wa jimbo, basi.

Sasa kinachonikera zaidi ni pale wasifu unaposema fulani alikuwa mwanajeshi, mfanyabiashara, halafu seneta wa jimbo, watu wanasoma kama ngazi, yaani kaacha jeshi, kaacha biashara, sasa anakula posho. Posho ipi? Texas mshahara ni dola 7,200 kwa mwaka, kikao cha kawaida ni siku 140 na kinakuja mwaka mmoja ukirukwa mwingine. New Hampshire wako 400 kwenye baraza la chini na wanalipwa dola 100. Kwa mwaka! California ni habari nyingine, kule ni ajira kamili, lakini majimbo mengi biashara haiachwi kwa sababu ndiyo inayomlisha mheshimiwa.

Mchukue Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, huyu aliyefariki Desemba 2024 na miaka yake 100. Kamaliza chuo cha jeshi la majini Annapolis 1946, kafanya kazi kwenye nyambizi mpaka akaingia mradi wa zile za nyuklia, baba yake akafariki 1953 akaacha jeshi akarudi Plains, Georgia, kwenye biashara ya karanga ya familia, na mkewe Rosalynn hakutaka kabisa kurudi kile kijiji ingawa baadaye yeye ndo akawa anashika hesabu za biashara. Mwaka wa kwanza ukame ukapiga, faida haikufika hata dola 200, na familia inakaa nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini. 1962 akagombea useneti wa jimbo, akaambiwa kashindwa. Akaanza kuchimba: kaunti ya Quitman marehemu nao walikuwa wamepiga kura, na majina mengine yamefuatana kwa alfabeti, sijui walipanga foleni kuanzia A! Akapinga matokeo, akakipata kiti, Januari 1963 akaapishwa. Alikuwa kaahidi kusoma kila muswada kabla ya kuupigia kura, akakuta ni mlima wa makaratasi, ikabidi achukue kozi ya kusoma haraka haraka.

Kikao kikifungwa anarudi ghalani kwake kuuza mbegu na mbolea. Mpaka leo Georgia kikao cha kawaida hakizidi siku 40 za kukaa bungeni kwa mwaka, sasa hizo zingine zote angekula nini? Ndo maana nasema ile karanga haikuwa historia yake ya zamani, ilikuwa kazi yake, na useneti ndo ulikuwa wa pembeni. Ugavana kaupata 1971, Ikulu 1977.

Kwa hiyo hata Huldah Hiltsley, mzaliwa wa Kenya aliyechaguliwa Minnesota Novemba 2024, hongera zake kabisa na tumshangilie, ila anakaa bunge la jimbo kule St. Paul siyo Congress, lile bunge la taifa Washington. Ukitaka kumwandikia habari za viza ya binamu yako, huko siyo kwake. Za shule na barabara za Minnesota sawa, hizo muulize.