Je, wajua kwa nini shamba la Kyela linaweza kuamkia Malawi?

Ukishuka na basi kutoka Mbeya mjini, ukapita Uyole na Tukuyu, baridi inakuacha njiani. Mashamba ya chai yanabaki nyuma, masikio yanaziba kwa mteremko, na ukifika Kyela umeshavua sweta. Mto Songwe nao hushuka hivyohivyo kutoka milimani, ila wenyewe hauji mikono mitupu.

Nazungumzia Songwe wa mpakani, si ule mwingine wenye jina hilohilo unaomwaga maji Ziwa Rukwa. Huu una urefu wa karibu kilomita 200. Unaanzia kwenye milima ile ambako Tanzania, Malawi na Zambia zinakaribiana, unapita Ileje na Kyela kwa upande wetu, kisha unaingia Ziwa Nyasa, ambalo jirani zetu huliita Ziwa Malawi. Kwa sehemu kubwa ya safari hiyo, mto ndio mpaka.

Huko juu hauna matata. Umebanwa na mabonde, hauna pa kukimbilia. Visa vinaanzia chini. Maji yaliyokuwa yakikimbia na udongo na mchanga yanafika tambarare ya Kyela na Karonga, wilaya ya ng'ambo Malawi, yanapunguza mwendo na kutua mzigo. Mto unaanza kupindapinda. Kwenye kila kona, maji ya upande wa nje yanakwenda kasi na kula ukingo. Ya upande wa ndani yanazubaa na kuacha mchanga. Kila masika kona inazidi kupinda, hadi kati ya kona mbili inabaki shingo nyembamba ya nchi kavu. Kisha inakuja ile mvua ya Kyela yenyewe (wilaya hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka), maji yanafurika na kuikata shingo ile. Kule yalikokuwa kinabaki kidimbwi kilichopinda kama mundu.

Ukisimama pale baada ya mafuriko unaona ukingo umekatika wima, mizizi ya migomba inaning'inia hewani, na jaruba la mpunga limeishia katikati, nusu lipo, nusu limekwenda na maji. Ng'ambo kuna mchanga mpya ambao jana haukuwepo. Sasa huo ni wa nani?

Hapo ndipo makaratasi yanapoingia. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana himaya zao. Mstari wa kusini wa himaya ya Wajerumani, yaani Tanganyika, ukapelekwa hadi ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Songwe, kisha ukapanda na mto. Kwa mtu aliyekaa Berlin na ramani mezani, mto ni alama nzuri, unaonekana na hauhitaji kuchimbiwa nguzo. Hakuna aliyewauliza Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule, watu wanaosikilizana bila mkalimani, kama mto huo hutulia.

Sheria ya kimataifa ina jibu lake, na kwa maoni yangu si baya. Mto ukisogea polepole, chembe kwa chembe, mpaka husogea nao. Ukiruka ghafla na kuchimba njia mpya, mpaka hubaki kwenye mkondo wa zamani, hata kama umekauka na watu wamepanda mahindi. Marekani na Mexico zilivutana kwa miongo mingi juu ya kipande cha ardhi kilichoachwa na Rio Grande kwa namna hiyo, wakamalizana katika miaka ya 1960. Shida ni kwamba Songwe hufanya yote mawili, na mkulima aliyelala Mtanzania hana mashine ya kupima kama mto ulitambaa au uliruka.

Nchi hizi mbili zingeweza kubishana juu ya mstari mpaka leo. Ziwani zinabishana kweli: Tanzania husema mpaka upite katikati ya maji, Malawi husema maji yote ya upande ule ni yake hadi ufukweni kwetu, na suala hilo lilipelekwa kwa jopo la marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano, rais wa zamani wa Msumbiji. Kila upande una karatasi yake. Wengine hukumbusha hata azimio la Cairo la 1964 la Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), ambalo Nyerere mwenyewe alilisimamia, kwamba mipaka ya wakoloni iheshimiwe kama ilivyokutwa.

Mtoni walikwenda kwa njia nyingine. Hoja ya kutuliza mkondo ili mpaka usihamehame ilikua ikawa mpango wa bonde zima: mabwawa, umeme, kilimo cha umwagiliaji pande zote mbili. Mwaka 2017 serikali zikatia saini mkataba wa kuunda Kamisheni ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe, na ofisi yake ikawekwa Kyela. Bwawa la chini, kwenye michoro, linatarajiwa kutoa takriban megawati 180. Diplomasia ya namna hii haipendezi sana kwenye picha za magazeti, lakini inamlazimu mhandisi wa Malawi na wa Tanzania kusoma kipimo kimoja cha maji.

Kuna jambo moja ambalo bwawa peke yake haliwezi. Litapunguza nguvu ya mafuriko, ndiyo, lakini pia litazuia tope. Na maji yanayotoka bwawani bila tope yana njaa: hula kingo kwa bidii zaidi ili yapate cha kubeba. Kwa hiyo hata ukuta ukijengwa, bado kazi itabaki ukingoni, ya kuacha mita kadhaa bila kulima na kupanda miti na matete yanayoshika udongo, huku na ng'ambo kwa wakati mmoja. Ukiimarisha upande mmoja tu, mto unahamishia meno yake upande wa pili.