Karamu ya Mauaji ya Kubuni: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Mtu anapoalikwa kwa mara ya kwanza kwenye karamu ya mauaji ya kubuni, yaani mwaliko wa chakula ambapo mhusika mmoja "huuawa" kabla ya supu kupoa na wageni wengine, kila mmoja akiwa mshukiwa mwenye vituko vyake, hukesha wakimtafuta muuaji, kwa kawaida huja na fikra alizookota kwenye filamu. Nyingi kati ya fikra hizo si sahihi, na baadhi yake huuharibu mchezo kabla haujaanza.

Iliyoenea kuliko zote ni kwamba burudani hii ilizaliwa na mchezo wa ubao uitwao Cluedo, ambamo wachezaji hukisia nani ameua, kwa silaha gani na katika chumba kipi. Kwamba watu walichoka kusogeza vipande mezani, wakaamua kuvaa kofia na kuigiza wenyewe. Mambo yalikwenda kinyume. Anthony Pratt, mwanamuziki wa Birmingham, alikuwa akipiga piano katika hoteli za mashambani nchini Uingereza, na huko ndiko alikoona wageni wakijifurahisha jioni kwa kuviziana na kuuana kwa uongo. Tayari mwaka 1934 Ngaio Marsh, mwandishi kutoka New Zealand, alikuwa ameijenga riwaya yake ya kwanza juu ya mchezo wa namna hiyo uliogeuka kuwa mauaji ya kweli. Vita Kuu ya Pili ilipokatiza starehe hizo, Pratt na mkewe Elva walizihamishia kwenye ubao. Aliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwezi Desemba 1944, na kampuni ya Waddingtons ya Leeds ikautoa mchezo mwaka 1949, kwa kuwa uhaba wa vifaa baada ya vita uliuchelewesha. Washukiwa kumi wa mwanzo walipunguzwa wakawa sita, silaha sita na vyumba tisa, hivyo majibu yanayowezekana ni 324. Kwa hiyo washukiwa wa ubaoni kama Kanali Mustard, ambaye jina lake ni haradali tupu, na Bibi Peacock, yaani Bibi Tausi, ni watoto wa karamu, si wazazi wake.

Dhana nyingine ni kumshuku mtumishi mkuu wa nyumba. Kawaida hiyo huhusishwa na Mary Roberts Rinehart wa Marekani, ambaye katika riwaya yake moja ya mwaka 1930 mtumishi ndiye aliyebainika kuwa muuaji, ingawa ile kauli maarufu kwamba "mtumishi ndiye aliyeua" haimo katika kitabu hicho. Lakini miaka miwili kabla yake, S. S. Van Dine alikuwa amekwisha kutoa kanuni ishirini za hadithi za upelelezi, na mojawapo ilimkataza mwandishi kumfanya mtumishi kuwa mhalifu, kwa sababu jibu hilo ni jepesi mno. Katika karamu za leo mtumishi huwekwa kama chambo. Mimi mwenyewe nimewahi kupewa nafasi hiyo, nikahojiwa saa nzima kuhusu funguo ambazo sikuwa nazo, huku muuaji akiniongezea pilau.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, ni kudhani kwamba kwa kuwa karamu ni ya vichekesho, fumbo lake linaweza kufungwa ovyo ovyo. Waliozitunga sheria za fumbo la haki, yaani lile ambalo msomaji hupewa nafasi ya kulifumbua mwenyewe, hawakuwa watu wa kununa. Ronald Knox, padri aliyeandika amri zake kumi mwaka 1929, aliagiza kwamba mhalifu atajwe mapema, dalili zisifichwe, njia ya siri isizidi moja, na pacha asijitokeze bila msomaji kuandaliwa. Chama cha waandishi wa upelelezi kilichoanzishwa London mwaka 1930, ambacho naye alikuwa mwanachama wake, kiliwaapisha wanachama wapya mbele ya fuvu la kichwa lililopewa jina la Eric. Mzaha na nidhamu vilikaa meza moja.

Sababu yake huonekana vizuri katika vituko vya washukiwa. Tuseme mjane tajiri ana mazoea ya kuhesabu vijiko vyake vya fedha kila saa inapogonga. Saa moja anatangaza kwamba viko 24, na wageni wanacheka. Saa mbili viko 24, wanacheka zaidi. Saa tatu anatangaza 23, na kwa kuwa kicheko kimekwisha kuzoeleka, hakuna anayeisikia namba yenyewe. Kijiko kilichopungua ndicho kilichokorogea sumu, na aliyeingia chumba cha kulia kati ya saa mbili na saa tatu ni mtu mmoja tu. Kituko hicho kimefanya kazi mbili kwa pamoja: kimechekesha, na kimeficha dalili mahali ambapo kila mtu ameiona. Kinyume chake, kanali mstaafu anayempigia kasuku saluti bila sababu yoyote huchekesha mara mbili, kisha huwa kelele.

Niliwahi kuhudhuria karamu ambayo mwenyeji, alipoona tumelikaribia jibu, alimbadilisha muuaji papo hapo na kutuletea pacha aliyedaiwa kuwa amewasili jioni hiyo kwa jahazi kutoka Comoro. Tulicheka, ndiyo, lakini tulikuwa tunamcheka mwenyeji, na waliokuwa wameandika dalili zao kwenye karatasi za kufutia mikono tangu magharibi walizikunja na kuomba chai.

Wapo pia wanaoukataa mwaliko kwa kudhani kwamba ni lazima wawe waigizaji hodari, au kwamba atakayepewa uuaji atalazimika kudanganya usiku kucha. Kila mgeni hupewa kijitabu au bahasha yenye mambo anayoyajua na anayopaswa kuyaficha. Sheria ya kawaida ni kwamba wote wakiulizwa husema kweli kuhusu yaliyomo humo, isipokuwa muuaji, naye katika baadhi ya michezo hajijui hadi bahasha ya mwisho ifunguliwe. Marehemu naye halali sakafuni hadi usiku wa manane. Mara nyingi amekufa kabla ya wageni kufika, au huinuka, akavaa koti na kurudi kama inspekta.

Kuhusu madai kwamba haya ni mambo ya Waingereza na majumba yao, inatosha kuitazama China, ambako mchezo uitwao jubensha, ambapo wachezaji hupewa hati za wahusika na kuketi saa kadhaa kulichambua kosa la mmoja wao, ulishika kasi baada ya kipindi cha televisheni cha mwaka 2016 kilichoiga kile cha Korea Kusini, hadi mwaka 2022 serikali ikatoa kanuni za kitaifa za kuzisimamia kumbi zake. Na msomaji wa Kiswahili aliyekulia kwa Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko ambaye Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtoa kitabuni mwaka 1960 akiwa na sahibu yake Najum, hahitaji kufundishwa na mtu raha ya kumshuku kila aliyemo barazani.

Filamu iliyotengenezwa mwaka 1985 kutokana na Cluedo ilipelekwa katika majumba ya sinema ikiwa na miisho mitatu tofauti, na tangu hapo wengine huamini kwamba vichekesho vya aina hii vinaweza kuishia popote. Mwenyeji wa karamu hana uhuru huo, kwa sababu jibu lake huwa limekwisha kuandikwa na kutiwa katika bahasha kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi. Jibu hilo likishasomwa, kasha zima la mchezo halina kazi tena kwa watu wale wale, na kwa hiyo mimi humpa jirani yangu, ambaye hulipokea kwa sharti moja: nisimtazame usoni atakaponiuliza nani alikuwa muuaji.