Umwilisho: kile ambacho Kristo hakukitwaa, hakukiponya

Umwilisho ni fundisho kwamba Mwana wa milele wa Mungu, bila kuacha kuwa Mungu, aliutwaa ubinadamu wetu wote tumboni mwa Bikira Maria, akazaliwa Bethlehemu, akaishi na kufa akiwa mtu wa kweli. Yohana analisema kwa maneno machache katika sura ya kwanza ya Injili yake: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Na huyo Neno ni yule yule ambaye mstari wa kwanza wa sura hiyo umeshasema alikuwako kwa Mungu, naye alikuwa Mungu.

Kanuni ya Imani ya Nisea inatanguliza sababu kabla ya tendo. Inasema kwanza kwamba alishuka "kwa ajili yetu sisi wanadamu, na kwa ajili ya wokovu wetu", ndipo inasema "akapata mwili". Katika Misa ya Kikatoliki waamini huinamisha vichwa kwenye maneno hayo, na siku ya Krismasi na ya Kupashwa Habari Maria, 25 Machi, hupiga magoti. Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kulieleza. Wengi wetu tumeizoea Krismasi kama utangulizi wa Ijumaa Kuu: Yesu alihitaji mwili ili apate wa kusulubishwa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mababa wa Kanisa, yaani walimu wakuu wa karne za kwanza za Ukristo, waliona kwamba wokovu ulikwisha kuanza pale Mungu alipojiunga na hali yetu, na kwamba kila alichokitwaa kwetu ndicho alichokiponya.

Tuondoe kwanza yale ambayo fundisho hili halisemi. Halisemi kwamba mtu fulani mwema wa Nazareti alipandishwa cheo akawa mungu. Halisemi kwamba Mungu alikuwa na mke akazaa naye. Mkristo analikataa wazo hilo kama jirani yake Mwislamu anavyolikataa, na ni vizuri tukiambiana hivyo waziwazi, maana huku Pwani mazungumzo mengi hukwama hapo kabla hayajaanza. Wala halisemi kwamba Yesu ni nusu Mungu, nusu mtu. Uungu hauna nusu. Tofauti ya kweli kati yetu na Waislamu inabaki, tena ni kubwa: sisi tunasema Mungu Mmoja, ambaye hakuna kinachomlazimisha, alipenda kuja mwenyewe badala ya kutuma mjumbe tu, na kuja huko hakukumpunguzia chochote.

Hatari ya kwanza haikuwa watu kumkana Yesu kuwa Mungu. Ilikuwa kumkana kuwa mtu. Tayari katika Agano Jipya, barua ya kwanza ya Yohana inaweka kipimo: roho inayokiri kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili ndiyo inayotoka kwa Mungu. Walikuwapo waliofundisha kwamba mwili wake ulikuwa kivuli, kwamba alionekana tu kula na kuteswa. Mwanzoni mwa karne ya 2, Ignasi, askofu wa Antiokia, akipelekwa Roma kuuawa, aliwajibu kwa hoja ya mtu aliyefungwa minyororo: kama Bwana aliteswa kwa kuonekana tu, basi mimi nimefungwa kwa nini? Mateso ya kuigiza hayawezi kumsaidia mtu anayeteswa kweli.

Baadaye likaja swali la upande wa pili. Ario, padre wa Aleksandria nchini Misri, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, wa kwanza na bora kuliko vyote, lakini kiumbe. Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulimpinga ukakiri kwamba Mwana ni "mwenye umungu mmoja na Baba". Atanasi alikuwapo Nisea akiwa shemasi, kisha akawa askofu wa Aleksandria, na kwa sababu ya msimamo huo alifukuzwa jimboni mwake mara tano.

Hoja ya Atanasi inastahili kufuatwa polepole, kwa sababu inajibu swali ambalo waumini wengi hulibeba moyoni bila kulitamka: kwa nini Mungu asisamehe tu? Ana uwezo, aseme neno moja, yaishe. Atanasi anajibu kwamba kama tatizo letu lingekuwa kosa peke yake, toba ingetosha. Lakini mwanadamu aliumbwa kutoka katika utovu wa vitu vyote, na uzima wake uliegemea kwa Mungu. Alipompa Mungu kisogo alianza kurudi kule alikotoka, kwenye uharibifu na mauti. Toba humfanya mtu aache kutenda dhambi, ila haimrudishii uzima uliokwisha kuanza kumtoka. Anayeweza kuumba upya ni yule aliyeumba mwanzo. Kwa hiyo kiumbe, hata awe wa juu kuliko malaika wote, hawezi kutuokoa. Lazima awe Mungu.

Na kwa nini aje katika mwili, asiamuru kutoka juu? Kwa sababu, anasema Atanasi, mauti hayakuwa nje ya mwili; yalikuwa yamejishikiza ndani yake. Amri ingeweza kuyazuia yasimfikie mtu kwa leo, lakini mwili ungebaki ule ule wenye kufa. Ilibidi Uzima wenyewe uingie mahali pale pale mauti yalipokaa. Anatoa mfano wa mfalme mkuu anayeingia katika mji na kukaa katika nyumba mojawapo: mji mzima hupata heshima, na maadui na wanyang'anyi hawathubutu tena kuuvamia, ingawa mfalme anakaa katika nyumba moja tu. Ndivyo alivyoingia katika mwili mmoja, na wanadamu wote wakaguswa.

Sasa inakuja hatua ambayo naiona ndiyo moyo wa jambo lote, na ambayo mahubiri yetu huiruka. Apolinari, askofu wa Laodikia katika Siria, alikuwa mtetezi hodari wa Nisea. Hakuwa na shaka kwamba Yesu ni Mungu. Alichofundisha ni kwamba ndani ya Yesu, Neno alichukua nafasi ya akili ya kibinadamu. Mwili ulikuwa wetu. Lakini mwenye kufikiri na kuamua alikuwa Neno peke yake. Ukisikia haraka utaona ni njia ya heshima ya kumtukuza Kristo. Gregori wa Nazianzo, aliyekuwa askofu wa Konstantinopoli kwa muda mfupi, aliona kwamba njia hiyo inauvunja wokovu wenyewe. Katika barua kwa padre Kledonio aliandika kwamba kisichotwaliwa hakikuponywa. Kilichounganishwa na Mungu ndicho kinachookolewa. Halafu anauliza: ni kipi hasa kilichoanguka kwa Adamu? Mwili peke yake? Akili ndiyo iliyopokea amri, na akili ndiyo iliyoivunja. Kama kuna sehemu ya mtu inayohitaji tabibu kuliko zote, ni hiyo, na ndiyo Apolinari anayoiacha nje. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 uliikataa njia yake.

Nadhani wengi tungali wafuasi wa Apolinari bila kumjua. Muulize mtu kwa nini Yesu alisali, atakujibu kwamba alikuwa anatupa mfano tu. Muulize kama mtoto Yesu alijifunza kusoma au useremala, ataona swali lako ni la utovu wa adabu. Lakini Luka anaandika kwamba "Yesu akazidi kuendelea katika hekima na kimo". Yohana anaandika kwamba alilia machozi kaburini kwa Lazaro. Waraka kwa Waebrania unakwenda mbali zaidi: "alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi". Ukimwondolea Yesu woga, uchovu, kujifunza na kusali kweli, humwongezei utukufu. Unakuwa umesema kwamba woga wako na uchovu wako vimebaki bila mwokozi.

Gethsemane ndipo panapodhihirika zaidi. "Walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke." Katika karne ya 7 watawala wa Konstantinopoli walitaka fundisho jepesi, kwamba Kristo alikuwa na utashi mmoja tu, wa kimungu, wakitumaini kuwapatanisha raia waliogawanyika. Mmonaki Masimo, anayeitwa Muungamadini, alikataa. Alisema kama Kristo hakuwa na utashi wa kibinadamu, basi utashi wetu, chombo chenyewe tunachotumia kukataa na kukubali, haujaguswa na uponyaji. Bustanini utashi wa mtu ulikubali kwa hiari kile ambacho Adamu alikikataa. Masimo alikatwa ulimi na mkono wa kuume, akafa uhamishoni mwaka 662. Mtaguso wa mwaka 680 hadi 681 ulikiri kile alichokuwa akikifundisha. Yeyote anayedhani mabishano haya ni ya wasomi waliokosa kazi akumbuke mkono ule.

Kuhusu umoja wa nafsi yake nitasema kwa kifupi. Nestori, askofu mkuu wa Konstantinopoli, hakupenda Maria aitwe Mama wa Mungu. Sirili, askofu wa Aleksandria, alimjibu, na Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 ukamuunga mkono Sirili. Jina hilo halidai kwamba uungu ulianza kwa Maria. Linadai kwamba yule aliyezaliwa na Maria na yule Mwana wa Mungu ni mmoja, si wawili wanaokaa pamoja. Wangekuwa wawili, aliyekufa msalabani angekuwa mtu tu, na kifo cha mtu kimekwisha kujulikana kwamba hakimwokoi mwingine. Mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451, ukaweka mipaka: nafsi moja katika hali mbili, ya kimungu na ya kibinadamu, bila kuchanganyika, bila kugeuka, bila kugawanyika, bila kutengana. Wakristo Wakopti wa Misri na ndugu zao wa Ethiopia hawakuipokea lugha ya hali mbili, wakiona inamgawa Kristo, na utengano huo upo hadi leo. Hata hivyo mwaka 1973 Papa Paulo VI wa Roma na Papa Shenouda III wa Aleksandria, mkuu wa Wakopti, walikiri pamoja kwamba Kristo ni Mungu kamili na mtu kamili. Ugomvi wa karne kumi na tano, kwa sehemu kubwa, ulikuwa wa namna ya kusema.

Je, msalaba umewekwa pembeni? Hapana. Waebrania 2:14 inaviunganisha vyote kwa pumzi moja: kwa kuwa watoto wameshiriki damu na mwili, yeye naye alishiriki hayo hayo, "ili kwa njia ya mauti amharibu yeye aliyekuwa na nguvu za mauti". Anselmi, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, aliandika mwishoni mwa karne ya 11 kwamba deni la dhambi ni la mwanadamu, lakini hakuna anayeweza kulilipa ila Mungu. Kwa hiyo mlipaji ni lazima awe Mungu aliye mtu. Mapendekezo ya Atanasi na ya Anselmi si sawa, na mimi naona la Atanasi linafika ndani zaidi, kwa kuwa linamtibu mdaiwa na halifuti deni peke yake. Lakini wote wawili wanakutana hapa: thamani ya damu inatokana na mwenye damu. Uamsho uliowaka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 na kuenea hadi Kenya na Tanganyika ulihubiri damu ya Yesu kwa nguvu, nasi tuliolelewa katika mahubiri hayo tunaijua nguvu hiyo. Swali la kuongeza ni moja tu: damu ya nani? Umwilisho ndio jibu.

Liko na swali la zamani kama Mwana angekuja hata kama Adamu asingeanguka. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliona Maandiko yanauunganisha Umwilisho na dhambi, akabaki hapo. Yohane Duns Scoto, Mfransisko, alifundisha kwamba Mungu alimkusudia Kristo tangu mwanzo, kabla ya kuitazama dhambi ya yeyote. Kanisa Katoliki halikumfunga mtu kwa jibu lolote kati ya hayo. Mimi navutwa na Scoto, maana naona shida kuamini kwamba jambo zuri kuliko yote Mungu aliyoyafanya liwe limetokea kwa sababu ya kosa letu.

Kuna kitu kimoja bado, na husahaulika kuliko vyote: Umwilisho haukukoma. Watu wengi hudhani Yesu aliuvua ubinadamu alipopaa, kama kazi imekwisha. Injili zinasimulia kinyume. Aliyefufuka alionyesha mikono na ubavu, akala samaki mbele ya wanafunzi, na huyo huyo ndiye aliyepaa. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, ulioandikwa baada ya kupaa kwake, bado unamwita mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu "Mwanadamu Kristo Yesu". Ndiyo maana Paulo anapowaandikia Wafilipi juu ya miili yetu ya unyonge, hasemi itatupwa. Anasema Kristo ataibadili ifanane na mwili wake wa utukufu, na mwili huo anao sasa.