Kulala garini Magamba: baridi inatokea chini

Wageni wangu wa Unguja ninaowapandisha msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, huja na mablanketi ya kutosha na yote wakayarundika juu yao. Saa tisa usiku wako macho, migongo imeganda.

Hawana kosa. Kwetu kipupwe kikija, shuka moja inatosha, na mlima wa kuuzoea hatuna. Ila kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Lushoto ipo kama mita 1,400 juu ya bahari, na msitu uko juu zaidi. Juni na Julai ndiyo usiseme.

Siti za Noah ukishazilaza, chini yako kuna bati na upepo unaopita chini ya gari. Godoro la kujaza hewa halifai kabisa, maana hewa iliyomo inapoa pamoja na bati. Mimi hutandika maboksi yaliyokunjuliwa, juu yake mkeka wa ukili, kisha godoro la sponji, hata likiwa jembamba. Blanketi zito kuliko yote nalitandika, sijifuniki nalo. Watoto wakae kati, wasigusane na milango.

Vioo navyo watu huvifunga kabisa, wakidhani wanazuia baridi. Pumzi zenu zina maji. Zikigusa kioo cha baridi zinakuwa matone, na alfajiri mito na mablanketi yote majimaji. Blanketi bichi halihifadhi joto. Shusha vioo viwili, kila upande kimoja, upana wa kidole, kisha ziba kwa kipande cha chandarua.

Sasa jiko. Hapa nawaomba sana wazee wenye watoto: jiko la mkaa lisiingie garini wala hemani, hata dakika tano, hata makaa yakiwa yanakaribia kuzima. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasikia usingizi tu, na haamki tena. Ule upana wa kidole hauwezi kuiondoa. Injini nayo zima. Usilale huku inaunguruma ili upate hita. Ukitaka joto, chemsha maji nje, yatie kwenye chupa ngumu (hizi laini za maji ya dukani zinanywea), izungushie kanga, weka miguuni. Inafika hadi karibu na alfajiri.

Chakula kifungiwe garini, maana kima hawangoji kukaribishwa. Moto wa kuni uwashwe pale tu walinzi wa msitu wanapoonyesha.

Safari ya kurudi, kutoka Lushoto kupita Soni hadi Mombo, ni kilomita 33 za kona na mteremko, na dereva wa kisiwani hajawahi kushuka hivyo. Tia gia ndogo tangu juu. Gari ya otomatiki, weka 2 au L. Breki ukizikanyaga mfululizo zinachemka, mwisho hazishiki. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta pembeni palipo wazi, simama zipoe zenyewe, na usizimwagie maji.