Korongo anayetaga mahali ambapo maji hayazami

Aliyekulia Newala anajua kwamba maji hayakai juu. Mvua ikinyesha, mchanga wa uwanda wa Makonde unainywa yote, na bibi zetu walikuwa wakishuka bondeni kuyafuata maji huko chini. Kwa hiyo nikiwaambia vijana ninaowafundisha kuhesabu ndege wa maji hapa Mikindani kwamba yupo korongo anayetaga kwenye vinamasi vya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari, huniuliza: maji yanakaaje huko?

Nalipenda sana swali hilo.

Ndege mwenyewe ni korongo shingo-nyeusi wa uwanda wa Tibeti. (Kiswahili kinaita korongo koo mbili tofauti za ndege, huyu ni wa ukoo wa korongo taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda.) Mwili wa kijivu kilichopauka, kibandiko chekundu utosini. Kati ya korongo 15 wa ukoo huo, yeye ndiye wa mwisho kuandikwa na wanasayansi, mwaka 1876.

Sasa maji. Sehemu nyingi za uwanda ule, udongo wa chini umeganda mwaka mzima, mgumu kama sakafu. Theluji ikiyeyuka wakati wa joto, maji hayana pa kuzamia, na mabonde mengi hayana mlango wa kuyatoa. Yanatuama. Korongo hujenga kiota katikati yake, kwa kawaida mayai mawili, dume na jike wakipokezana kuatamia kwa takriban mwezi mmoja. Maji ndiyo ua wake. Yakipanda ghafla, mayai yanazama. Yakipungua, mbweha anafika kwa miguu. Kule Ladakh, kaskazini mwa India, mbwa wanaozurura wameshakula mayai mengi. Ndiyo maana joto la dunia linanitia hofu: sakafu ile ikiyeyuka, maji yatafuata njia ya maji ya Newala.

Baridi ikikaza, korongo hawa hushuka hadi Yunnan, kusini-magharibi mwa China, na Bhutan, wakiokota punje zilizobaki mashambani. Katika bonde la Phobjikha, Bhutan, umeme ulipokuwa ukipelekwa vijijini, nyaya zilifukiwa ardhini, kwa sababu ndege mwenye mabawa ya zaidi ya mita mbili hawezi kukwepa waya kwenye ukungu.