Kabla hujawasha kila kinga kwenye kompyuta yako

Mtu anafungua mipangilio ya kompyuta yake, anakuta vitufe vya usalama vimezimwa, roho inamruka. Kama ni kinga, mbona mtengenezaji ameiacha imelala? Ni kwa sababu kila kinga ina usumbufu wake, naye hajui wewe utauvumilia upi. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza jiulize unamwogopa nani: mwizi, kirusi, au mtu anayekuwinda wewe hasa? Kisha jiulize kinga hiyo ikikufungia nje mwenyewe, utapoteza nini.

Chukua usimbaji wa diski, yaani kuyageuza mafaili yasisomeke bila ufunguo; kwenye Windows kinga hiyo huitwa BitLocker, na kwenye Mac FileVault. Wengi hudhani nywila ya kuingilia inatosha. Mwizi anaweza kuichomoa diski, akaipachika kwenye kompyuta nyingine na kusoma mafaili yako bila kuulizwa nywila yoyote. Ikiwa imesimbwa, ataambulia vurugu tupu. Kwa kompyuta mpakato inayobebwa kila siku, ushauri wangu ni kuiwasha. Usitarajie izuie virusi, maana ukishaingia, mafaili yako wazi kwa programu unazoziendesha.

Hapo kwenye usimbaji ndipo watu wanapoumia. BitLocker ina ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48, na ukibadilisha ubao mama (bodi kuu ya kompyuta), au pengine baada ya sasisho fulani, mashine inaweza kukudai ufunguo huo. Kama huna, usitegemee fundi. Kufuli ambalo fundi angelifungua, mwizi naye angelifungua. Isitoshe, kompyuta nyingi mpya za Windows hujisimba zenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo hutunzwa kwenye akaunti hiyo. Kautafute leo, hata kama hukumbuki kuwasha chochote. Uandike kwenye karatasi, na karatasi isikae kwenye mkoba mmoja na kompyuta.

Windows pia ina kinga ya kuzuia programu isizozitambua zisibadilishe mafaili kwenye makabrasha yako, iliyoletwa mwaka 2017 dhidi ya virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia. Ni nzuri, ila huzuia hata programu halali, na asiye na subira huizima baada ya siku chache. Mtu huyo namshauri aweke nakala za mafaili kwenye diski ya nje, na aichomoe akimaliza.

Ile hali ya kujifungia (Lockdown Mode) iliyoingia kwenye Mac mwaka 2022 ni ya wanaowindwa kwa programu za kijasusi, mathalani wanahabari na watetezi wa haki. Wengine waipite tu.

Yasiyovutia macho ndiyo ningeyatanguliza: masasisho, na kufanya kazi za kila siku kwa akaunti isiyo na mamlaka ya msimamizi. WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia, kiliposambaa Mei 2017, kiraka cha kuziba tundu la usalama lililotumika kilikuwa kimetolewa tangu Machi, kwa matoleo ya Windows yaliyokuwa bado yanahudumiwa.

Ukishaamua, washa kinga moja, itumie kompyuta siku kadhaa, ndipo uwashe nyingine. Printa ikigoma utajua wa kumlaumu.